Kidonda Kimepona, Mbona Mkono Umekunjika?



Juma hili twajibu barua ya mama mmoja. Jina lake hatulitaji, wala kijiji chake, maana mambo ya nyumbani kwake yamekwisha kuzungumzwa kisimani zaidi ya kutosha. Aandika kwamba mtoto wake wa miaka miwili alimwagikiwa na uji wa moto mkono wa kulia, tangu kifundo cha mkono mpaka juu ya kiwiko. Ilikuwa wakati wa mvua, njia ya kwenda zahanati imekatika, basi wakamtibu nyumbani. Kidonda kilichukua miezi miwili kufunga. Siku kilipofunga walimshukuru Mungu, na baba akachinja kuku. Lakini tangu siku ile mkono ukaanza kujikunja kidogo kidogo, na sasa ngozi ya kiwiko imeshikana kama utando wa mguu wa bata. Mtoto hawezi kunyoosha mkono. Mama mkwe asema kuna mtu aliyemfunga mtoto. Jirani asema kosa ni la mama, alimpakata mno. Naye mama mwenyewe auliza: “Kidonda kilipona. Mbona mkono ulikunjika baada ya kupona?”

Swali hili ni la maana, na si la nyumba moja. Pita sokoni utazame: utamwona mtu ambaye kidevu chake kimevutwa kifuani, au mwingine vidole vimeshikamana na kiganja. Ukiuliza, utaambiwa, “Aliungua alipokuwa mdogo.” Jibu letu kwa mama ni hili: kazi ile ile iliyofunga kidonda cha mtoto wako ndiyo iliyouvuta mkono. Ili ulielewe, yakupasa kwanza kujua ngozi imejengwaje, na ni nani wanaoitengeneza inapobomoka.

Mwili wetu wote umefanywa kwa chembe ndogo zenye uhai. Ni ndogo mno. Elfu moja zikipangwa mstari mmoja huenda zisipite upana wa kidole gumba. Lakini chembe peke yake ni laini kama ute. Kama tungekuwa chembe tupu tungemwagika chini. Kinachotusimamisha ni protini, nazo ni za namna nyingi. Leo twataka mbili tu.

Ya kwanza yaitwa kolajeni. Hii ni kamba. Fikiri nyumba ya miti na fito: udongo ndio unaoonekana, lakini ukifungua kamba zinazofunga fito, ukuta unaanguka. Ndivyo kolajeni ilivyo chini ya ngozi, na katika mifupa, na katika kano. Katika protini zote za mwili, yapata sehemu moja kwa nne au zaidi ni kolajeni. Kila kamba yake imesokotwa kwa nyuzi tatu, kama mwanamke asukavyo nywele. Mafundi wanaoisokota ni chembe ziitwazo faibroblasti, ambazo hukaa chini ya ngozi wakingoja kazi.

Ya pili yaitwa aktini. Hii haiko nje ya chembe, iko ndani yake. Ni nyuzi nyembamba ambazo chembe huzitumia kushika umbo lake, kutambaa, na kuvuta. Msuli wako unapoinua jembe, aktini ndiyo inayovutwa ndani yake. Lishike neno hilo, kuvuta, maana ndilo jibu la barua yetu.

Sasa ngozi imekatwa au imeungua. Mafundi wajuaje kwamba kuna kazi? Hawana macho wala masikio. Wanaletewa ujumbe. Ngozi inapokatwa, damu inamwagika, na katika damu mna vipande vidogo viitwavyo chembe sahani. Hivyo vinakimbilia mahali pa jeraha na kugandisha damu. Lakini havifanyi hilo tu. Hapo hapo vinamwaga protini nyingine ndogo, wajumbe, ambao hutapakaa mahali pote panapouma. Kila mjumbe ana umbo lake, na juu ya ngozi ya chembe kuna pokezi lenye umbo la kumpokea, kama ufunguo na kufuli lake. Mjumbe akiisha kuingia kwenye pokezi lake, chembe inabadili mwenendo. Ile iliyolala inaamka, iliyokaa inatambaa, iliyo moja inagawanyika kuwa mbili.

Ni kama mbiu ya mgambo kijijini. Wajumbe wa kwanza waita chembe nyeupe za damu zije kula uchafu na vijidudu. Wengine waita mafundi wa kolajeni. Wengine wazisukuma chembe za juu ya ngozi zitambae kutoka ukingoni mpaka zikutane katikati.

Mambo haya ya wajumbe yalivumbuliwa kwa taabu, nami napenda kuwatajia mmoja wa waliotaabika. Rita Levi-Montalcini alizaliwa Torino, Italia, mwaka 1909, katika jamaa ya Kiyahudi. Mwaka 1938 serikali ya Italia ilitoa sheria za kuwabagua Wayahudi, akafukuzwa kazi. Basi akatengeneza maabara chumbani mwake mwa kulala, akachunguza vifaranga ambavyo bado vimo mayaini, na huku vita vinaendelea. Baada ya vita alikwenda Marekani, na huko akagundua protini inayoamuru mishipa ya fahamu iote. Mwenzake, Stanley Cohen, akagundua nyingine: alipowachoma sindano yake watoto wachanga wa panya, walifumbua macho siku nyingi kabla ya wakati wao. Ilikuwa mjumbe anayezihimiza chembe za ngozi zikue na kuongezeka. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mama huyo, ingawa hakuwa Mkristo, aliingizwa mwaka 1974 katika Akademia ya Sayansi ya Baba Mtakatifu. Alifariki mwaka 2012, ana miaka 103.

Turudi kwenye kidonda. Kidonda kidogo hufungwa na chembe za ngozi zinazotambaa, na mambo yamekwisha. Kidonda kikubwa chenye shimo hakifungiki hivyo. Hapo mwili una njia nyingine, nayo ni kuzivuta kingo zikaribiane. Tazama mbuzi aliyejeruhiwa ubavuni: kidonda upana wa kiganja, na kovu likiisha ni mstari tu. Ngozi ya mbuzi imelegea, basi inavutwa bila dhara. Ni nani anayeivuta? Kwa miaka mingi watu walidhani kolajeni yenyewe hunywea, kama ngozi iliyoanikwa juani. Mwaka 1971 Giulio Gabbiani na wenzake wa Geneva, Uswisi, walitazama nyama changa ya kidonda kwa darubini yenye nguvu sana, wakaona kwamba wale mafundi wa kolajeni walikuwa wamegeuka. Ndani yao mlikuwa na mafungu manene ya nyuzi, mfano wa zile za msuli.

Maana yake ni hii. Mjumbe mmoja (wataalamu wamempa jina la herufi tu, TGF-beta, utadhani namba ya lori) anapomfikia fundi, fundi anajifunga kamba za aktini ndani ya mwili wake, anazishikiza kwenye kolajeni iliyo nje, kisha anavuta. Umewahi kuwaona wavuvi wakivuta juya? Huyu anavuta, yule anavuta, wanasogea hatua, wanashika tena mbele. Mmoja hana nguvu. Lakini walio wengi, wakivuta usiku na mchana kwa miezi, wanaweza kukunja kiwiko cha mtoto, na hata kuvuta kidevu kikafika kifuani.

Kidonda kikifunga vizuri na upesi, ujumbe wa kuvuta unanyamaza. Wavutaji wanakufa kimya, mmoja mmoja, ndivyo walivyopangiwa, na kovu linabaki limetulia. Lakini kidonda cha moto kilichozama, kilichokaa wazi majuma mengi, kikiingia uchafu na kufunguka tena, ujumbe hauishi. Kila siku mbiu inapigwa upya, na kila siku wavutaji wanaongezeka. Hata ngozi ikiisha kufunika juu, chini yake wao bado wako kazini, kwa miezi mingi. Kwa hiyo, mama, siku ile mliyochinja kuku, juu palikuwa pamefunga, lakini chini kazi ilikuwa inaendelea. Hamkuwa na kosa la kushukuru. Ila hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba hatari ya mkono ilikuwa ikianza.

Wengine mtauliza habari ya makovu yanayovimba na kuota kama uyoga, hasa sikioni baada ya kutogwa, au kidevuni baada ya kunyoa. Hiyo ni keloidi. Ni ndugu wa jambo hili: mafundi wanasokota kolajeni bila kukoma, hata kovu linavuka mipaka ya jeraha lenyewe. Hutokea zaidi kwetu watu weusi, na hufuata ukoo. Usikimbilie kuikata. Ikikatwa bila matibabu mengine mara nyingi hurudi, na huenda ikarudi kubwa kuliko kwanza. Ikiwa baba yako au dada yako anayo, fikiri mara mbili kabla ya kumtoga binti yako masikio. Haya yatosha kwa leo.

Sasa tuseme la kufanya, maana elimu isiyofika jikoni haimfai mama.

Siku ya ajali yenyewe, maji. Maji baridi safi, yakimiminwa pole pole juu ya mahali palipoungua, kwa muda wa dakika 20. Tazama saa, maana dakika 20 ni nyingi na mtoto analia. Hata kama saa moja au mbili zimepita, maji bado yanafaa. Si barafu. Mfunike sehemu nyingine za mwili asipate baridi. Vua bangili na shanga kabla mkono haujavimba. Kisha funika kwa kitambaa safi, ukaende zahanati. Moto hauishi kuunguza pale uji unapofutwa. Joto linaendelea kuzama, na maji ndiyo yanayolizuia. Kadiri lilivyozama kidogo ndivyo wavutaji watakavyoitwa wachache.

Msipake mavi ya ng’ombe. Msipake dawa ya meno, wala unga, wala ute wa yai, wala mafuta ya kupikia, wala oili ya gari. Najua bibi alipaka na watu wakapona. Walipona wale ambao wangepona hata bila kupakwa. Wale waliopata pepopunda hawako hapa kutusimulia.

Mtoto mdogo aliyeungua apelekwe kwa mganga wa zahanati hata kama pameungua padogo. Na mtu yeyote aliyeungua usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri, au juu ya kiungo, apelekwe. Tena shikeni hesabu hii: kidonda cha moto ambacho hakijafunga baada ya majuma matatu kinahitaji hospitali. Huko madaktari waweza kuchukua ngozi nyembamba pajani na kuipandikiza juu ya kidonda. Kidonda kikipata ngozi mapema, mbiu inanyamaza mapema. Watu wengi huona haya kumrudisha mgonjwa, wakisema, “Kinaendelea vizuri, kinajifunga chenyewe.” Kweli kinajifunga. Swali ni kwamba kinajifunga kwa kuvuta nini.

Jambo la tatu, nalo ndilo linalosahauliwa na wengi, ni mkao. Mtoto aliyeungua hupenda kujikunja, kwa sababu akijikunja haumwi sana. Mkao ule wa raha ndio mkao ambao wavutaji wanautaka. Basi mkono ulioungua kiwikoni ulale umenyooka, kwa gango la ubao lililofungwa kwa kitambaa laini, hasa usiku. Aliyeungua shingo asilalie mto. Aliyeungua kwapani, mkono wake utengwe na mbavu. Vidole vifungwe kimoja kimoja, visishikamane. Mwombeni mganga awaonyeshe namna ya kufunga, maana gango likikaza mno linazuia damu.

Kidonda kikiisha kufunga, anza kunyoosha. Paka mafuta ya nazi au vaselini, sugua kovu pole pole, kisha nyoosha kiungo mpaka uone kovu limekaza na kupauka kidogo, ushike hapo huku ukihesabu, ndipo uachie. Fanya hivyo mara nyingi kwa siku. Njia rahisi ni kuifuata ratiba ya nyumba: kila mtoto anapokula, anapooga, anapolala. Mpe kitu cha kuchezea mahali pa juu ili ajinyooshe mwenyewe. Endelea mwaka mmoja, na pengine zaidi. Kovu likiwa bado gumu, limeinuka na linawasha, ujue bado lina kazi ndani yake. Likilainika na kulala sawa na ngozi, limetulia. Wala usimvute mtoto kwa nguvu za hasira. Kovu likipasuka, kidonda kinaanza upya na mbiu nayo.

Labda mtu atasema: kovu ni kitu kilichokufa, litanyooshwaje? Hapana. Kovu ni kitu hai, na kuna kisa kimoja cha mabaharia kinachoonyesha hivyo waziwazi. Mwaka 1740 merikebu za vita za Uingereza chini ya Anson zilifunga safari ya kuzunguka dunia. Walipokaa baharini miezi mingi bila matunda wala mboga, mabaharia wakashikwa na kiseyeye. Ndani ya merikebu alikuwamo askari mzee aliyejeruhiwa zaidi ya miaka 50 nyuma, katika vita vya mto Boyne, kule Ireland. Makovu yake, yaliyofunga nusu karne, yakafunguka tena yakawa vidonda vibichi. Na mfupa wake uliokuwa umeunga ukaachana, kana kwamba haujapata kuunga.

Wakati ule hakuna aliyejua sababu. Sasa twajua. Mwili hausokoti kolajeni mara moja ukaiacha. Huibomoa na kuisokota upya maisha yote, na katika kovu kazi hiyo ni ya haraka zaidi. Kuisokota imara kwahitaji vitamini C. Ikikosekana, kubomoa kunaendelea na kujenga kunasimama. Mwaka 1747 daktari wa merikebu, James Lind, aliwagawa wagonjwa 12 wa kiseyeye wawili wawili, kila wawili akawapa dawa yao. Waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wote.

Basi kovu la mtoto linajengwa upya wakati huu unaposoma gazeti. Likijengwa huku mkono umenyooshwa, linajengwa refu. Likijengwa huku mkono umekunjwa, linajengwa fupi. Na mtoto mwenye kidonda ale mapera, mapapai, machungwa, ubuyu, pamoja na maharage, dagaa, yai, maziwa. Kolajeni haisokotwi kwa uji mweupe peke yake. Mara nyingi nimeona mayai ya nyumbani yakipelekwa mnadani na mgonjwa akinyweshwa chai ya rangi. Baba, hayo ni yako ya kufikiri.

Sasa wewe mama uliyetuandikia. Mkono wa mtoto wako umekwisha kukunjika, na kama kovu limekaza kama usemavyo, kunyoosha peke yake huenda kusitoshe. Usingoje akue. Mfupa wake unakua kila mwaka, lakini kovu halikui sawa nao, kwa hiyo mkono utazidi kukunjika. Mpeleke zahanati, uombe barua ya kwenda hospitali yenye daktari wa upasuaji. Huko kanda ya ziwa iko Bugando, Mwanza, na upande wa kaskazini iko KCMC, Moshi. Daktari aweza kulikata kovu, akaunyoosha mkono, na kuziba pengo kwa ngozi kutoka mahali pengine pa mwili. Baada ya upasuaji wavutaji wataitwa tena, maana hicho nacho ni kidonda. Gango na kunyoosha vitaanza upya, nawe safari hii utakuwa unajua unashindana na nani.

Kwa mama mkwe twasema kwa heshima: Mama, hakuna aliyemfunga mjukuu wako. Fedha ya kumlipa mganga wa kupiga ramli iwe nauli. Na jirani naye anyamaze kidogo. Kumpakata mtoto anayelia kwa maumivu si kosa. Mama alifanya alilofanya kila mama. Lilikosekana gango la ubao, na mtu wa kusema liwekwe.

Ukirudi hospitali, utuandikie daktari amesema nini. Juma lijalo tutajibu barua ya mzee anayeuliza sababu ya miguu yake kufa ganzi usiku.